Kupe, kaptula na yule mama wa nyuma

 Najua nimepotea wiki mbili nzima, na wale mlionitumia meseji kuuliza kama nimedisko, hapana jamani, bado nipo. Nilikuwa na test tatu za mfululizo, halafu katikati yake nikajiingiza kwenye maigizo. Leo nataka kuongelea hayo maigizo, manake yameniachia kitu moyoni na kisipotokea hapa kitatokea kwenye karatasi ya UE.

Waliokuwepo ukumbini Ijumaa ile mnajua nasemea nini. Ambao hamkuwepo, ngoja nianzie mwanzo.

Kikundi chetu tuko watu tisa. Tunakutana kwenye geto la mwenzetu hapa nyuma ya stendi, chumba kimoja, feni mbovu, kelele za mabasi na wapiga debe mpaka usiku wa manane. Mwezi uliopita jamaa mmoja alikuja na filamu kwenye flash, The Death of Stalin, ya Armando Iannucci, ilitoka 2017. Stalin anakufa Machi 1953, basi wakubwa wa chama wanaanza kugombania kiti huku kila mmoja akimwogopa mwenzake. Ni ya kuchekesha mpaka unajisikia vibaya kwa kucheka, maana watu wanapigwa risasi huku na huku wakati wazee wanabishana juu ya mazishi. Urusi haikuipenda. Januari 2018 wizara ya huko iliifutia kibali siku chache tu kabla haijaonyeshwa.

Tulipomaliza kuitazama mtu akasema, na sisi si tulikuwa na Ujamaa? Kwa nini tusitengeneze yetu?

Sasa kabla hamjaanza kunirushia mawe: najua Ujamaa haukuwa ukomunisti, na Mwalimu alilikataa jina hilo kabisa, ndo maana akachukua neno la Kiswahili. Na sisi hatukuua watu kama kule. Ila mambo ya juu juu yalifanana. Chama kimoja, kila mtu ndugu, vikao visivyoisha, kila hotuba inafungwa na zidumu fikra za Mwenyekiti. Na tulishakuwa na komedi yetu ya mambo hayo zamani kabla ya huyo Iannucci. Kezilahabi aliandika Kaptula la Marx mwaka 1978. Humo Rais Kapera na mawaziri wake wanafunga safari kwenda nchi ya Usawa, na rais amevaa kaptula la Marx ambalo limemzidi mwili. Angalieni hiyo "la". Sisi wote tunasema kaptula ya, yeye kasema la, yaani likaptula, mtu unaliona likipwaya kabla hujafungua ukurasa wa kwanza. Tamthiliya hiyo ilikaa zaidi ya miaka 20 ndo ikachapwa kitabu, 1999.

Basi tukaandika mchezo wetu mfupi, dakika 25. Mwaka 1974, Operesheni Vijiji, kikao cha kijiji kimoja huku kwetu mkoani Morogoro. Katibu anatoka mjini kavaa suti ya Chou En-lai iliyombana, anahutubia wananchi kuhusu unyonyaji. Wanakijiji wanapiga makofi mahali ambapo hapatakiwi makofi. Na nyuma kabisa kuna mama mmoja wa Kiluguru, kajifunga kanga, haelewi kitu.

Huyo mama nilikuwa mimi.

Sikulazimishwa. Mimi ni Mluguru, lafudhi ya mlimani naijua toka tumboni, na Mkurugenzi wetu (tunamwita hivyo kwa sababu anapenda kuitwa hivyo) aliniambia, "Dada, ukiiongea ile ya kwenu watu watakufa." Na kweli walikufa. Katibu anasema kwa sauti ya radio, ndugu wananchi, lazima tuwang'oe kupe! Akimaanisha wanyonyaji, si mnajua lugha ya enzi zile, kupe na mirija. Mimi nasimama kule nyuma, nashika kiuno, nasema kwa lafudhi, "Kupe? Mbwa wangu anao wengi, njoo mumtoe!" Ukumbi ulilipuka. Watu waligonga viti. Nilikuwa na mistari sita tu mchezo mzima, na yote sita ilikuwa hivyo, Katibu anasema neno kubwa, mama analielewa ndivyo sivyo, watu wanacheka. Usiku ule nililala na furaha ambayo hakuna test imewahi kunipa.

Jumamosi asubuhi nikaenda stendi kununua njegere. Nina mama yangu pale, anatoka upande wa Mgeta, anashusha matenga ya mboga, na huwa ananiongezea kila mara kwa sababu tunasalimiana kwa lugha ya nyumbani. Nikiwa nachagua, jamaa wa chuo akapita akapiga kelele, "Mama Kupe! Mbwa hajambo?" Wenzake wakaangua kicheko. Mama akaniuliza, kupe nini tena mwanangu? Nikamweleza, na kwa ujinga wangu nikamwigizia kabisa, na kiuno nikashika.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa anatabasamu kwa heshima tu. Kisha akasema, "Sasa hapo cha kuchekesha ni kipi? Kupe si anatolewa kweli kwa mbwa?"

Wadau, sikuwa na jibu. Hakukasirika wala hakuwa ananifundisha kitu, aliuliza tu. Na aliuliza kwa lafudhi ileile niliyotoka kuiigiza, kwa sababu ndo anavyoongea siku zote. Nililipa njegere zangu nikaondoka na masikio yanawaka.

Jumapili nikampigia bibi. Yeye mwaka 1974 alikuwa msichana wa miaka kama 17, na familia yao ilihamishwa huko tambarare. Shikamoo, marahaba mke mwenzangu, habari za masomo, halafu nikamwuliza, bibi, kikao cha kuhamia kijijini unakikumbuka? Anakikumbuka. Anasema wanaume walikaa mbele kwenye magogo, akina mama chini nyuma na watoto mgongoni, na Katibu kwenye kiti. Kiti chenyewe kilibebwa kutoka nyumbani kwa mama yake bibi, kilikuwa kiti pekee cha maana pale. Katibu alipouliza nani ana swali, wanaume wakanyamaza. Mama yake bibi akasimama. Akauliza, shamba hili mnalotupa mnaliandika kwa jina la nani? Kwa sababu kule walikotoka shamba lilikuwa la ukoo wa mama, yeye alilipata kwa mama yake na mwanamume alilikuta. Sasa hili jipya litakuwa la nani akifa mume, au mume akimfukuza?

Nikamwuliza bibi, Katibu akajibuje?

"Alisema umeeleweka mama, kaa chini. Wanaume wakacheka."

Jamani. Yaani swali pekee la akili kwenye kikao kizima lilitoka nyuma, na lilizimwa kwa kicheko. Na mimi miaka yote hii baadaye nimepanda jukwaani na kanga yangu, nikamsimamisha mama yuleyule mahali palepale, nikamnyang'anya swali lake nikampa mbwa.

Jumatatu nikapeleka hoja kwenye kikundi. Hapo ndo vita ikaanza, na mpaka leo haijaisha, ndo maana naandika.

Upande wa kwanza ni Mkurugenzi na wenzake. Hoja yao: komedi ni komedi. Anachekwa kila mtu, Katibu anachekwa, wanaume wanaopiga makofi ovyo wanachekwa, sasa mama naye akichekwa kuna ubaya gani? Tukianza kuchagua wa kuchekwa na wa kutochekwa tutaishia kuigiza ngonjera za Sabasaba.

Upande wa pili ni wadada wawili na kaka mmoja, wao walifurahia hoja yangu kuliko nilivyotaka. Wakasema tatizo la mchezo ni uwakilishi. Kwenye jukwaa tuko wahusika wanane, mwanamke mmoja tu, na huyo mmoja ni mjinga. Dawa: Katibu awe mwanamke, waongezwe mawaziri wawili wanawake, na makabila yachanganywe, na lafudhi ya Kiluguru ifutwe kabisa, kila mtu aongee Kiswahili sanifu. Nusu kwa nusu.

Mimi nasema pande zote mbili zimekosea, na nitaeleza kwa nini. Vumilieni, ni ndefu kidogo.

Nianze na hawa wa nusu kwa nusu, ambao nawapenda. Mchezo wetu ni wa 1974. Mwaka huo Tanzania haikuwa na waziri kamili mwanamke hata mmoja. Tabitha Siwale na Julie Manning ndo waliokuwa wa kwanza, na waliteuliwa 1975, miaka kumi na minne baada ya Uhuru! Bibi Titi Mohamed, aliyewaingiza wanawake maelfu TANU mpaka ikawa chama cha kweli, hakuwahi kufika cheo hicho. Sasa mimi nikiweka mawaziri wawili wanawake kwenye komedi ya 1974, nimemwakilisha nani? Nimewasafishia wanaume wa mwaka ule rekodi yao bila hata kuombwa. Mtazamaji wa mwaka wa kwanza atatoka ukumbini akidhani mambo yalikuwa sawasawa, tatizo lilikuwa suti tu.

Turudi kwenye filamu ya Stalin. Ile meza ya wakubwa imejaa wanaume watupu, na ndivyo ilivyokuwa. Mwanamke wa kwanza kuingia kwenye Presidium ya chama kile ni Yekaterina Furtseva, 1957. Filamu haikudanganya hapo. Ila angalieni nani anaianzisha hadithi yote. Ni mpiga piano, Maria Yudina, anayeigizwa na Olga Kurylenko. Hana cheo, hayumo kwenye kikao, lakini anachomeka kikaratasi kwenye santuri inayopelekwa kwa Stalin, na ndani yake kamwambia ukweli wake. Stalin anakisoma, anacheka, anaanguka. Mtu wa nje ya chumba ndiye mwenye jicho. Idadi ya wanawake kwenye ile filamu ni ndogo sana, ukihesabu utakasirika, lakini yule mmoja hakuwekwa pale ili achekwe.

Halafu hili la lafudhi. Filamu ile hakuna anayejilazimisha Kirusi cha kuigiza. Steve Buscemi anaongea kama mtu wa New York, na Jason Isaacs kamfanya Marshal Zhukov aongee kama mtu wa Yorkshire, kaskazini ya Uingereza. Mwanzoni nilidhani ni uvivu. Baadaye nikasoma kidogo nikakumbuka kwamba Stalin mwenyewe hakuwa Mrusi, alizaliwa Gori huko Georgia, na Kirusi chake kilikuwa na lafudhi ya kwao mpaka anakufa. Beria naye wa hukohuko Georgia, Mikoyan Muarmenia. Kwa hiyo meza ile ilikuwa na mchanganyiko wa makabila kuliko mabaraza mengi mnayoyajua, na bado watu walipelekwa Siberia. Na nani alithubutu kucheka lafudhi ya Stalin mbele yake? Lafudhi ya mwenye bunduki haichekeshi. Inachekesha ya mwenye tenga la njegere.

Ndo maana sitaki lafudhi ifutwe. Ukiifuta unasema kwamba kweli ni aibu. Pale Msamvu simama nusu saa tu utasikia Tanzania nzima, Msukuma wa basi la Mwanza, Mhehe wa Iringa, Mgogo, Mchaga, Mmakonde, kila mtu anakikunja Kiswahili anavyojua na tiketi zinakatwa. Hakuna mtu anayeongea kama taarifa ya habari pale. Kwenye mchezo wetu ilikuwaje? Lafudhi anayo mama peke yake. Katibu, wanaume wa mbele, mwenyekiti, wote sanifu tupu, kama vile wao hawakuzaliwa na mama wa kabila lolote. Huo ndo uongo wa mchezo wetu.

Sasa nirudi kwa Mkurugenzi na "kila mtu anachekwa". Kaka, nimeirudia ile video mara nne. Katibu anachekwa kwa sababu ya anayoyafanya: anahubiri kazi na hajawahi kushika jembe, anakaa kwenye kiti wakati wenye kiti wako chini. Mama anachekwa kwa sababu ya alivyo, yaani Mluguru, mwanamke, wa kijijini, hajasoma. Vicheko hivyo viwili havifanani hata kama vinatoka mdomo mmoja. Katibu akirudi mjini anavua suti, kicheko kimeisha. Mama akitoka pale anarudi stendi na lafudhi yake, na jamaa wa chuo anampigia kelele. Kwenye kesi hii alinipigia mimi, lakini aliyeuliza kinachochekesha ni yeye.

Na tusijifanye sisi ndo wa kwanza. Vichekesho vyetu toka zamani vina yule mtu wa shamba aliyekuja mjini asiyejua kuvuka barabara. Hata wale tuliokua nao, Ze Comedy ya EATV, ambao baadaye 2008 walihamia TBC1 wakawa Orijino Komedi, niliwapenda na bado nawapenda, lakini kundi lile la mwanzo lilikuwa wanaume watupu, na bibi kizee tuliyemwona ni Joti kavaa gauni. Walikuwa na ujasiri wa kuwaigiza wanasiasa, hilo nawapa. Ila bibi kizee wa kweli hakuwahi kuwaigiza wao.

Mtaniuliza, sasa wewe unataka mama awe malaika? Hapana! Hapo ndo namkumbuka Penina Muhando, mtoto wa mkoa huuhuu, kazaliwa Berega, Ukaguruni, 1948. Mimi nilikutana na Nguzo Mama yake A-level, na nakiri nilikariri maudhui tu kwa ajili ya mtihani. Wiki hii nimeirudia. Ilitoka 1982. Wanawake wa kijiji cha Patata wanataka kuisimamisha nguzo. Hawana hata majina, ni Bi Moja, Bi Pili, mpaka Bi Nane, kama mtu anavyohesabu kura au viti vya kujaza. Na mwandishi hawaonei huruma. Wanagombana, wanachelewa, wanasutana, huyu ana shida ya mume, yule ana lake, na nguzo haisimami. Ni wanawake nane jukwaani, na wanachekwa. Lakini ukiangalia kwa nini nguzo haisimami, unakutana na mirathi, na pombe ya waume, na mzigo wa nyumba. Unacheka halafu unaona kamba inakovuta. Huo ndo uwakilishi ninaoutaka mimi, mtu apewe shida yake halisi, aibebe vibaya au vizuri, na akikosea akosee yeye mwenyewe, sio akosee kwa sababu ya alikozaliwa.

Na shida halisi ya 1974 ipo, imeandikwa, hatuhitaji kuibuni. Azimio la Arusha lenyewe, Februari 1967, lilisema wazi kwamba wanawake wa vijijini wanafanya kazi kuliko mtu mwingine yeyote nchini, na likawasema wanaume waziwazi. Chama kilijua! Halafu Novemba 1973 ikatangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri, mwisho 1976, na kufikia 1977 zaidi ya watu milioni 13 walikuwa vijijini. Sheria ya vijiji ya 1975 ikaweka mkutano wa kijiji wa watu wazima wote, wanaume kwa wanawake, na halmashauri ya watu 25. Kwenye karatasi safi kabisa. Lakini nani alikaa kwenye gogo na nani chini? Na kwenye daftari la mashamba mkuu wa kaya aliandikwa nani? Kwa watu kama sisi ambao ardhi inatembea kwa ukoo wa mama, hilo daftari lilikuwa linamnyang'anya mtu kitu huku linaimba usawa. James Brain, mtaalamu aliyewasoma sana Waluguru, aliandika makala 1976 kuhusu wanawake kwenye skimu za makazi hapa Tanzania, na kichwa chake kilisema wako chini hata ya raia wa daraja la pili. Hiyo ndo komedi jamani. Kaptula la Usawa likamvaa baba, mama akabaki na kanga yake.

Kwa hiyo pendekezo langu halikuwa kuongeza wanawake, na halikuwa kumfuta mama. Nilisema tubadilishe mambo mawili tu. La kwanza, kila mtu aje na lafudhi ya kwao, kuanzia Katibu. Katibu wetu ni Mnyakyusa wa Tukuyu, aongee hivyohivyo. La pili, mistari ya mama ibadilike. Na nikaleta huu, nimeuandika kwenye daladala:

Katibu anasema, lazima tuwang'oe kupe. Mama anasimama nyuma. "Ndugu Katibu, kupe namjua. Mbwa wangu nimemtoa wote jana. Kupe hashiki jembe, anakaa palepale ananona, na akishashiba anadondoka mwenyewe. Sasa huyu wetu, amekaa kwenye kiti changu toka asubuhi, mbona hadondoki?"

Nikaisoma kwa lafudhi ileile. Geto likawa kimya kama sekunde mbili, halafu wakacheka, na Mkurugenzi alicheka kuliko wote mpaka akakohoa. Mbwa yuleyule, kupe yuleyule. Ila safari hii kicheko kilikwenda kukaa kwenye kile kiti.

Msidhani basi tukakumbatiana. Mkurugenzi alipomaliza kukohoa akasema ni nzuri lakini sasa mama "amekuwa mjanja mno", mama wa kijijini wa 1974 asingeongea vile mbele ya Katibu. Nikamwambia, kaka, bibi yangu alikuwepo. Mama yake alisimama akauliza la shamba. Wewe unajuaje asingeongea? Akanyamaza, akasema tutaona kwenye mazoezi. Na wale wa nusu kwa nusu nao hawajaridhika, dada mmoja kaniambia nimekubali jukwaa la wanaume saba na mwanamke mmoja kisa historia, na kwamba historia hiyohiyo ndo inayotufanya tugombee mistari sita. Hiyo imeniuma, kwa sababu ana pointi. Nimemwambia tuandike mchezo wa pili, wa akina mama wanavyorudi nyumbani baada ya kikao, njiani, wanaume hawapo. Hapo watakuwa wanane na watachekana watakavyo. Amesema ataandika yeye. Tunasubiri, tukumbuke ana sup mbili.

Tumeombwa kurudia mchezo Ijumaa ijayo. Nimeshawaambia, kama mistari ya zamani ndo inarudi, kanga ninayo lakini mimi sipandi. Mkurugenzi anaweza kuivaa yeye. Kama mistari mipya imepita, basi njooni wote, na mje mapema maana viti ni vichache.

Kitu cha mwisho. Leo asubuhi nimepita kwa mama yangu wa njegere. Nimemwambia ule mstari mpya, wa kupe asiyedondoka. Hakucheka papo hapo. Alikuwa anafunga tenga. Akavuta kamba, akakaza fundo, akageuka kuangalia upande wa kile kibanda wanakokaa wanaokusanya ushuru. Halafu akacheka, peke yake, kwa muda mrefu, na akaniongezea njegere konzi mbili.

Naishia hapa wadau, kesho nina test saa mbili na desa sijafungua. Mlioko upande wa Mkurugenzi leteni hoja, tubishane. Ila mkinikuta stendi, hilo jina la Mama Kupe naomba tulipumzishe kwanza mpaka Ijumaa.